Kiboti cha hewa kwa mwindaji wa bata

Kwa misimu mingi niliwatazama bata wakitua ng'ambo, kwenye ukingo usiofikika kwa miguu, nami nimezama kwenye tope hadi magotini. Siku hizi ninabeba mgongoni kiboti cha kujaza hewa chenye uzito wa kilo 3, kimekunjwa kikawa kama blanketi lililoviringishwa, na kasia la vipande vinne limechomekwa ubavuni mwa begi. Nimekitumia misimu sita. Kwa anayetaka kuanza, jambo la kwanza la kushika ni hili: kiboti hiki ni cha kuvukia na cha kuokotea ndege. Si cha kupigia bunduki.

Niliwahi kupiga nikiwa ndani yake, mara moja. Bata alipita kuliani, nikageuza mabega, nikafyatua. Kiboti hakina mkuku, ule uti wa chini unaokatisha maji, wala uzito wa kukishika majini. Teke la bunduki lilikilaza kushoto, tyubu ya upande huo ikazama, maji yakanifika mapajani, na mtutu ukaelekea nisikokusudia. Tangu siku hiyo bunduki yangu haiingii kibotini na risasi ndani. Tena sehemu nyingi sheria zina masharti yake kuhusu kupiga kutoka chomboni, kwa hiyo unapofuatilia kibali, tarehe za msimu na idadi ya ndege unaoruhusiwa kwa siku, ulizia na hilo.

Katika kuchagua, achana na viboti vya plastiki vya kuchezea watoto. Tafuta cha nailoni iliyopakwa TPU, plastiki laini inayovumilia kukwaruzwa, na kiwe cha rangi iliyofifia. Mimi napenda kilicho wazi juu, kisicho na kifuniko cha miguu, kwa sababu natoka na kuingia mara nyingi, na kikipinduka sitaki kitu kinachonishika mapaja. Soma uzito kinaoweza kubeba, kisha jumlisha wako, nguo zilizolowa, bunduki, bata bandia wa kuelea wanaowavuta ndege, na ndege wa kurudi nao. Bata mmoja mkubwa hufika kilo 1 au zaidi. Bata bandia sita wananitosha. Wakizidi hapo wanajaa miguuni na siwezi kupiga kasia vizuri.

Hakuna pampu ya kubeba. Kuna mfuko mwepesi: unaufungua mdomo, unateka hewa, unaukunja mdomo, unaikamulia hewa ndani ya kiboti. Kiboti kikishajaa unamalizia kwa kupuliza kwa kinywa. Hapa ndipo wageni wanapokosea. Alfajiri unakijaza ukingoni hadi kinalia ukikigonga kwa kidole, unakiweka majini, na baada ya dakika chache kimelegea kama kinavuja. Hakivuji. Maji ya baridi yamepoza hewa ya ndani nayo imepungua ukubwa. Kiache majini kidogo, kilowe chote, kisha kipulize tena kabla hujapanda. Jua likitoka na kiboti kiko nchi kavu, mambo hugeuka: hewa inatanuka na kuvuta mishono, hivyo punguza kidogo au kifunike kwa matete.

Sasa upepo, ambao ndio utakaoamua kila kitu. Bata hutua wakiukabili upepo. Ndiyo maana wawindaji wengi hukaa upepo ukiwapiga mgongoni na bata bandia mbele yao, na ndege huja wakiwatazama. Ni sawa kabisa kwa mwenye mbwa au boti ya injini. Lakini fikiria wewe mwenye kiboti: bata uliyempiga anaangukia mbele yako, na upepo ule ule unamsukuma mbali nawe. Unamfuata. Kwenda ni rahisi mno, kiboti kinateleza chenyewe kama jani. Ukimshika na kugeuka, ndipo unagundua umevuka mita 200 na huwezi kurudi, kwa sababu kiboti kinaelea juu juu, chini ni bapa, na kila ukiinua kasia upepo unakugeuza omo, yaani sehemu ya mbele.

Mimi hukaa upepo ukinipiga ubavuni, sambamba na ukingo. Ndege wanakuja kutoka pembeni, kuwalenga kunakuwa kugumu zaidi kidogo, nakubali, lakini bata aliyeanguka anasogea kufuata ukingo wangu, si kuelekea katikati ya ziwa. Mara nyingine namkuta amenasa kwenye matete hatua chache nilipo. Na kama kila sehemu nzuri inanilazimisha kuvuka maji mapana na upepo ukiwa wa kuvuma kutoka nchi kavu, sivuki. Nakaa ukingoni nilipo. Ukivuka, weka mzigo mzito mbele. Omo ikilala kidogo kiboti kinashika njia.

Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa, halilaliwi wala halikaliwi. Suruali ya mpira inayofika kifuani ifungwe mkanda kiunoni, uzuie maji yasiingie kwa kasi ukianguka. Katika maji yanayokaribia kuganda, waokoaji hufundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo viungo bado vinakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Dakika hizo 10 ndizo nguvu zako zote. Kwa hiyo usiende mbali kuliko unavyoweza kujirudisha ukiwa umelowa, na filimbi iwe shingoni.

Bunduki yangu inavuka ikiwa tupu, imefunguliwa nikathibitisha kwa kidole, ndani ya mfuko unaoelea, na mfuko umefungwa kwenye kitanzi cha kiboti. Usiufunge mwilini. Kamba zote za bata bandia zinaviringwa kila moja peke yake, kwa sababu kamba iliyolegea miguuni ndiyo inayomzamisha mtu kiboti kikipinduka.

Bata akianguka, usikimbilie kasia. Kwanza kaza macho mahali alipoangukia na upapange na alama mbili za ng'ambo, mti na jiwe kwa mfano, kwa sababu ukikaa chini kibotini macho yako yako karibu na maji na kila wimbi linafanana na bata. Kama bado ananyanyua kichwa, mpige tena haraka ukiwa ukingoni, pale sheria inaporuhusu. Bata aliyejeruhiwa huzama na kuibukia ndani ya matete, na kiboti hakimwezi mbio. Kisha ondoa risasi, iache bunduki ukingoni, uende. Mkaribie kutoka upande unakotoka upepo, mchote kwa wavu wenye mpini. Kumwinamia kwa mkono juu ya tyubu ndiko kunakopindua watu.

Hii ndiyo sababu sipigi bata aliye zaidi ya mita 30. Natumia marisawa, zile punje ndogo za ndani ya risasi, ya chuma, ambayo ni mepesi kuliko ya madini ya risasi na hupoteza kasi mapema. Sitaki kurudi kwenye yale ya zamani: bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, humeza na marisawa, na sumu yake inawaua taratibu. Marekani iliyakataza kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023.

Pancha nyingi nilizopata hazikutoka kwenye mawe. Zilitoka kwenye visiki vya matete yaliyokatwa, vinavyosimama wima chini ya maji kama misumari, na mara moja kwenye kucha za mbwa wa rafiki yangu. Pale penye visiki, shuka, kinyanyue kiboti, ukibebe. Viraka na kitambaa cha kufutia viwe mfukoni mwako, si kibotini. Sehemu iliyotoboka ifutwe tope, ikaushwe kabisa, ndipo kiraka kishike.

Nyumbani nakiosha damu na tope, nakagua mikunjo kama kuna magugu au konokono nisije nikawapeleka kwenye maji mengine, kisha nakining'iniza kivulini vali zikiwa wazi. Vali naziangalia mwisho, kwa tochi. Unyoya mmoja ulionasa pale unatosha kukiacha kimelegea kabla hujafika ng'ambo.