Namna ya Kulisoma Dau la Pascal Sambamba na Vipimo vya Hatari

Anayetaka kuandika tasnifu inayomkutanisha Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa, na hisabati ya hatari za fedha aanze na maandishi, fomula zisubiri. Pascal alifariki mwaka 1662 akiacha rundo la vipande vya karatasi, na kitabu cha Pensées kilichapwa mwaka 1670 baada ya wengine kuvichagua na kuvipanga walivyoona inafaa. Ndiyo maana kipande kinachoeleza dau, yaani hoja kwamba ni busara kuamini Mungu yupo kwa sababu akiwapo faida haina kikomo na asipokuwapo hasara ni ndogo, ni namba 233 katika toleo la mhariri Brunschvicg, 418 kwa Lafuma na 680 kwa Sellier. Kila unaponukuu, taja namba pamoja na mhariri. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima nikiitafuta 233 ndani ya Lafuma.

Kisha soma barua alizoandikiana na mwanahisabati mwenzake Fermat mwaka 1654, kalamu ikiwa mkononi. Wachezaji wawili wameweka pistoli (sarafu za dhahabu) 32 kila mmoja, na zote atazichukua atakayetangulia kushinda mara tatu. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja, na mchezo unakatizwa. Wa kwanza akishinda mkono unaofuata anapata 64, akishindwa wanakuwa sawa na anapata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu, yaani 48 kwake na 16 kwa mwenzake. Angalia kwamba Pascal anazungumzia haki ya kila mchezaji. Ukimpachika istilahi ya "thamani tarajiwa" (wastani wa matokeo, kila moja likipimwa kwa uwezekano wake), sema wazi kwamba ni tafsiri yako.

Upande wa vipimo, chukua mikopo miwili isiyotegemeana, kila mmoja wa shilingi 100 na wenye uwezekano wa asilimia 4 wa kupotea wote. VaR (Value at Risk, kipimo cha hasara isiyotarajiwa kuvukwa) ya asilimia 95 hupuuza asilimia 5 mbaya kabisa, kwa hiyo kila mkopo peke yake unasomeka kuwa na hatari sifuri. Ukiiunganisha, uwezekano wa kupoteza angalau mmoja ni asilimia 7.84, na VaR inaruka hadi 100, kana kwamba kutawanya mikopo kumeongeza hatari. Kasoro hii ndiyo iliyokataliwa na Artzner, Delbaen, Eber na Heath katika masharti manne ya kipimo kizuri cha hatari waliyoyachapisha mwaka 1999. Wastani wa hasara za ile asilimia 5 mbaya, yaani wastani wa mkiani, kwa upande wake, unatoa 80 kwa kila mkopo na 103.2 kwa yote miwili, chini ya 160 ambayo ni jumla ya 80 mbili.

Hapo ndipo Pascal anapoingia, na kwa maoni yangu ni hapo tu. Mtu anayeweka dau kwamba Mungu hayupo, huku akikadiria uwezekano wa kukosea kuwa asilimia 1, kwa VaR ya asilimia 95 hana cha kuogopa, ilhali hoja nzima ya Pascal imesimama juu ya asilimia hiyo moja. Wastani wa mkiani unaiona, lakini unatoa jibu lisilo na kikomo, na masharti ya mwaka 1999 yaliandikwa kwa hasara zenye kikomo. Tamko kuhusu kikomo hicho liwekwe ndani ya aya ileile ya ulinganisho, lisifichwe kwenye tanbihi.