Somo: Saa ya ukutani yenye sura ya mlango wa kale

Wengi wakitaka kitu kionekane cha zamani hupaka kahawia kila mahali. Kinachotoka ni saa chafu, si saa kuukuu. Pita kwanza Mtaa wa India hapa Bagamoyo utazame milango ya nakshi: rangi hulika chini, mvua inakorukia, na pembeni mikono inaposukuma. Ndani ya michoro inabaki, imeshika vumbi. Saa yako izeeke hivyo hivyo.

Vifaa: plaiwudi ya milimita 9, msasa namba 120 na 220, rangi za maji, mshumaa, vanishi ya maji, mashine ya saa ya betri na mishale yake. Pima kichuma kinachotokeza mbele ya mashine; kisipozidi unene wa ubao, nati haitapata pa kushika.

1. Kata duara la sentimita 30, toboa katikati, piga msasa, futa vumbi.

2. Paka nyekundu ya udongo, mikono miwili, yaani mara mbili. Ikikauka, sugua mshumaa ukingoni na upande wa chini tu. Juu yake paka bluu iliyopauka au krimu. Wakati wa masika usiwe na haraka: gusa kwa mgongo wa kiganja, ukihisi ubaridi bado mbichi.

3. Namba. Chora duara la namba. Fungua bikari sawa na nusu ya upana wake, tembea nayo juu ya mstari; utapata alama sita kamili. Gawa kila nafasi katikati, zimetimia 12. Ukiandika kwa Kirumi, saa nyingi za zamani zina IIII, si IV. Kuzunguka namba chora mnyororo au waridi, kama kwenye milango.

4. Pitisha msasa namba 220 palipo na nta. Rangi ya juu itabanduka yenyewe na wekundu utachungulia. Hapa ndipo watu hunogewa wakasugua ubao wote. Jizuie.

5. Paka vanishi mkono mmoja, ikauke kabisa. Kisha kahawia iliyozimuliwa kwa maji: paka kipande kidogo, futa papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiruka vanishi, rangi itainywa kahawia na madoa hayatoki. Malizia na vanishi nyingine, ndipo ufunge mashine.

MASWALI

– Shikamoo fundi. Nataka rangi ipasuke vipande vipande, nimepaka gundi nyeupe ya mbao kati ya rangi ya chini na ya juu, haikupasuka.
– Marahaba mwanangu. Huenda gundi ilikauka mno. Paka rangi ya juu gundi ikiwa bado inanata, kwa mkupuo mmoja. Ukirudia brashi unaziba nyufa.

– Kaka, naweza kuandika saa za Kiswahili? Niko Tanga, ni zawadi ya bibi.
– Unaweza, na mimi naipenda zaidi. Weka 6 juu, 12 chini, na 1 pale ilipokuwa 7. Mashine haibadilishwi. Dakika zinaanzia juu kama kawaida, kwa hiyo zitie nukta tu. Wageni watadhani umekosea, waache.

– Badala ya kahawia natumia dawa ya viatu, vipi?
– Inafaa, inaingia vizuri kwenye mikwaruzo. Ila ina nta, vanishi ya maji haitashika juu yake. Iwe ya mwisho kabisa, kisha ipige kitambaa kikavu.