Somo: Kupanda treni Dar es Salaam bila kukosea stesheni

Habari za leo wakuu. Naweka somo hili kwa sababu bado kuna watu wanaachwa na treni wakiwa na tiketi halali mkononi na wamewahi kabisa, ila stesheni siyo yenyewe. Dar ina reli tatu. Ukimwambia bodaboda "nipeleke stesheni" atakupeleka anayoijua yeye.

1. Jua reli yako kwanza. Kama unaenda Morogoro au Dodoma kwa treni ya umeme, hiyo ni SGR, reli mpya, na unapandia Stesheni ya Magufuli, katikati ya mji, upande wa Gerezani. Kigoma, Mwanza, Mpanda na Arusha ni MGR, reli ya zamani. Reli ya kati, yaani ile ya kwenda Kigoma, Wajerumani waliianza mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Stesheni yake kongwe iko jirani na ya SGR, lakini soma tiketi yako vizuri uone treni inaanzia wapi. Mbeya, Tunduma mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na hapo ndipo wengi wanapopotea: stesheni yake haiko mjini. Iko Barabara ya Nyerere, karibu na makutano ya Mandela palipo na daraja la Mfugale, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Panda daladala la Gongo la Mboto, mwambie konda akushushe TAZARA.

Reli hizi haziingiliani hata kidogo. SGR ina upana wa milimita 1,435, TAZARA 1,067, MGR 1,000. Kwa hiyo usitegemee kubadilisha behewa tu. Unabadilisha stesheni, na tiketi pia.

2. Kata tiketi mapema. Ya SGR unaikata mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana wanakagua. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipotangaza nauli mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 13,000 mpaka Morogoro na 31,000 mpaka Dodoma.

3. Wahi. Mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, foleni huwa ndefu, na geti likishafungwa hakuna cha kubembeleza.

4. Panga usafiri wa unakoshukia. SGR Morogoro inakushusha Kihonda, siyo mjini. Dodoma nayo stesheni iko nje ya mji. Tenga hela ya bajaji.

MASWALI

Mkuu, naenda Kigoma. Naweza kupanda SGR mpaka Dodoma, halafu nidakie pale treni ya MGR?

Inawezekana, ila sikushauri. Stesheni ya MGR Dodoma iko mjini, na wewe umeshushwa kwingine. Ukichelewa, ile treni haikungoji. Panda MGR moja kwa moja toka Dar.

Nipo Mbeya, nataka kufika Dodoma kwa treni tu, bila basi.

Itabidi uje na TAZARA mpaka Dar, uvuke mji hadi Stesheni ya Magufuli, kisha SGR. Ni kuzunguka sana ndugu yangu. Basi la kupitia Iringa litakufikisha mapema zaidi.

Mama ni mzee, magoti yanamsumbua. Zile ngazi za SGR Dar ataziweza?

Lifti zipo dada, tena na ngazi za umeme. Mwambie mhudumu mapema, mkiwa bado getini, msisubiri mpaka watu waanze kusukumana kuelekea kwenye behewa.