Matunda ya mreteni: kuyachuma, kuyakausha na kuyatumia bila kuumiza figo

Mreteni wa kawaida (Juniperus communis) humea Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika Kaskazini. Kazi ya tunda lake, iwe jikoni au kwenye kikombe cha dawa, hufanywa na mafuta tete yaliyo ndani, yaani mafuta yenye harufu yanayopotea hewani kwa urahisi. Yakipotea, umebaki na maganda matupu. Yakizidi, figo ndizo zinazoumia.

Kwanza uhakikishe mti. Majani yake ni sindano zilizopangwa tatu tatu, na kila sindano ina mstari mmoja mweupe upande wa juu. Tunda lililoiva ni la buluu inayokaribia weusi, lina utando mweupe unaofutika kwa kidole, na kichwani lina alama ya miale mitatu. Kwa kuwa tunda huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kuiva, tawi moja hubeba mabichi na mabivu kwa pamoja; chuma meusi tu. Ukikuta magamba madogo yaliyobana kijiti badala ya sindano, achana na mti huo: huenda ni Juniperus sabina, wenye sumu na wa hatari kwa mimba. Mtarakwa wa milima ya Kenya, ambao Tanzania huitwa mwangati, nao una magamba. Ni wa jamii hiyohiyo, lakini vipimo vilivyo hapa si vyake.

Msimu ni kuanzia Septemba. Vaa glavu, tandika shuka chini ya mti, gonga matawi kwa fimbo. Mabivu hudondoka kwa urahisi zaidi. Yaanike kivulini kwa safu moja, penye hewa, kwa wiki mbili au tatu. Usiyatie kwenye oveni wala juani, maana joto hufukuza mafuta tete. Tunda lililokauka vizuri bado hubonyea kidogo. Likiwa gumu na lisilonukia ukilipasua, ni kuukuu. Hifadhi mazima kwenye chupa yenye kifuniko. Ukiyasaga mapema, harufu huisha upesi.

Kwa chai, pima gramu 2 za matunda makavu, takriban kijiko cha chai kisichojaa. Yaponde kwenye kinu papo hapo, mimina mililita 150 za maji yaliyochemka, kisha funika kikombe kwa kisahani kwa dakika 10. Kifuniko ndicho watu hukisahau, na dawa huondoka na mvuke. Chuja, unywe kikombe kimoja hadi vitatu kwa siku. Kimapokeo hunywewa kwa tumbo lililojaa gesi na kwa kuongeza mkojo, kwa hiyo kunywa na maji ya kutosha.

Usizidishe wiki mbili. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasinywe kabisa. Anayetumia dawa za kukojoza au aliyeambiwa apunguze maji kwa sababu ya moyo amuulize daktari kwanza. Homa, maumivu ya kukojoa au damu kwenye mkojo ni mambo ya hospitali. Padri Mjerumani Sebastian Kneipp, katika karne ya 19, alieneza tiba ya kutafuna punje 4 siku ya kwanza, kuongeza moja kila siku hadi 15, kisha kupunguza vivyo hivyo. Bado inasifiwa, ila inapita wiki tatu, na kwetu hilo linatosha kuikataa. Mafuta tete yenyewe, yale ya kichupa, usiyanywe hata tone.

Jikoni hatari ni ndogo, kwani kiasi ni kidogo. Kabichi ya kuchachusha ya Kijerumani huchukua punje 5 hadi 8 nzima na gramu 20 za chumvi kwa kilo. Nyama ya paa au nguruwe pori huchukua punje 6 zilizopondwa kwa kilo, zikitiwa mwanzoni pamoja na kitunguu. Zikizidi, mchuzi huwa mchungu wenye ladha ya utomvu, na kuongeza maji hakuuokoi.