Boti juu ya paa la Hiace: kuipandisha, kuifunga, kuishusha

Hiace yangu ilikuwa daladala kabla sijaigeuza nyumba. Viti nimeng'oa vyote nikabakiza vya mbele, nyuma nimeweka kitanda cha mbao, jiko la gesi la plate mbili na tanki la maji la lita 60. Mama Zuwena anaiita chumba na sebule. Juu ya paa, kila tunapotoka Tanga kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua perege, inakaa boti yetu ya faiba: urefu mita 2.9, uzito kilo 46. Uzito huo sikuukisia. Niliipeleka kwa jirani muuza mahindi, tukaitundika kwenye mizani yake ya magunia, na watoto wa mtaa wakauliza kilo moja ya boti ni shilingi ngapi.

Mie nimekuwa utingo wa lori miaka 6, kisha dereva miaka 21. Kufunga mzigo nilidhani nimehitimu. Kwenye lori unachokiogopa ni mzigo kuanguka, basi unaubana chini na pembeni, ukimaliza unalala. Boti haina tabia hiyo. Boti haianguki, boti hupaa.

Nililijua hilo safari ya kwanza, tukiwa tumeipita Mombo. Nilikuwa nimefunga mikanda miwili ya racheti ya kukatiza, mmoja mbele mmoja nyuma, nimeivuta mpaka ikalia. Omo, yaani pua ya mbele ya boti, sikuifunga popote. Likaja basi kubwa la abiria upande wa pili, kasi yake mnaijua. Lilipotupita, ule upepo wake uliingia chini ya boti, nikasikia mlio juu ya kichwa kama bati linang'olewa. Kutupa jicho juu ya kioo, omo imeinuka, naiona pale ambapo haikutakiwa kuonekana. Nikaegesha pembeni. Mikanda ilikuwa mizima kabisa. Kilichoachia ni keria: klempu mbili za mbele zilikuwa zimefunguka mdomo, zinaning'inia kwenye mfereji wa paa kwa ukucha. Mama Zuwena akashuka, akazunguka gari zima bila kusema, kisha akaniambia, "Baba Zuwena, mbona umeifunga kama godoro?"

Ndiyo maana naandika haya. Nimeulizwa na watu kadhaa pale Sahare namna ya kuifanya, na nikieleza kwa mdomo kila mtu anakumbuka mikanda na kusahau omo.

Tuanze na keria, kwa kuwa boti haishikwi na kamba peke yake, inashikwa na kile ambacho kamba imefungwa. Hiace ina mfereji wa maji pembeni mwa paa, kulia na kushoto, na hapo ndipo uzito unapotakiwa kukaa. Katikati ya paa ni bati tu, ukiliwekea boti litabonyea. Fundi wangu wa kuchomelea alinitengenezea keria ya skwea paipu yenye nguzo tatu za kukatiza na klempu sita, tatu kila upande. Baada ya ile siku ya Mombo nilirudi kwake, tukabadilisha klempu zote: za kwanza zilikuwa bati lililopindwa, hizi ni chuma cha milimita 6, zenye nati za kujikaza. Keria peke yake ina kilo 28. Ukijumlisha boti na makasia unafika kilo 77. Hesabu hiyo ifanye kwa gari lako pia. Kitabu cha gari huandika kikomo cha uzito wa paa, magari madogo mengi ni kati ya kilo 75 na 100, na watu husahau kuwa keria nayo imo ndani ya hesabu.

Juu ya zile nguzo gundisha vipande vya kandambili kuukuu. Si utani. Sponji ya kandambili haitelezi, hainyonyi maji kama kapeti, na ikiisha unakata nyingine. Pea tatu zilinitosha.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujachomelea chochote. Kwanza, mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu. Boti ikizidi nyuma hata shibri mbili, mlango utaigonga tezi, yaani nyuma ya boti, na hutatoa hata sufuria. Mie nimeisogeza boti mbele, tezi inaishia sawa na ukingo wa paa, na omo inachungulia kidogo juu ya kioo. Pili, kama una sola na tundu la hewa juu ya paa, jua kwamba boti itavifunika. Sola haihitaji kufunikwa yote ili ikuangushe, kivuli cha robo tu kinaweza kuushusha umeme wake vibaya sana. Tulilala usiku wa kwanza Same betri ikiwa imekwisha, friji imezima, na samaki wa kupika njiani kanuka. Sasa sola yangu iko mbele kabisa, pale omo inapokuwa nyembamba, na tukifika boti inashuka siku hiyohiyo.

Kuhusu boti yenyewe, nilianza na wazo la kihori cha mbao. Nakipenda, babu yangu alikuwa navyo viwili. Lakini mbao ukizianika juu ya paa siku nzima zinakauka, viungo vinaachia, ukishusha majini inakunywa maji kama imefunga Ramadhani. Utalazimika kuilowesha kwanza mpaka mbao zivimbe, au ukae unapiga kalafati, yaani kuziba nyufa, badala ya kuvua. Mtumbwi wa mwembe ndio kabisa, unahitaji wanaume wanne na paa la lori. Kwa paa la gari, faiba.

Inapandaje? Ukiwa na watu watatu hakuna cha kujifunza. Sisi tuko wawili, na Mama Zuwena goti linamsumbua, kwa hiyo nina mbao mbili za mbili kwa nne, kila moja mita 3.6, nimezipiga msumari ubao mmoja wa kukatiza ili zisiachane. Naziegemeza nyuma ya gari juu ya keria, zimefungwa kamba zisiteleze. Zipake sabuni ya mche upande wa juu. Boti ilale kifudifudi mchangani, omo ikielekea gari. Nainua omo, naipandisha juu ya mbao, kisha nakwenda nyuma nainua tezi na kusukuma. Hapo nusu ya uzito imeshabebwa na mbao, wewe unasukuma tu, na sabuni inafanya kazi yake. Mama Zuwena anasimama ubavuni, si nyuma, ameshika kamba ya omo iliyopitishwa juu ya keria, anaivuta na kuizungusha kwenye nguzo kila ninapopumzika. Kama hakuna aliyeshika kamba, usisimame nyuma ya boti hata dakika moja. Upepo ukiwa mkali, acha. Kaa unywe chai, boti iliyo nusu juu nusu chini ni tanga.

Kifudifudi nimesema, na nitasema tena, kwa kuwa kuna wanaoipandisha chali ili waweke mizigo ndani. Mvua ikinyesha umebeba pipa: lita moja ni kilo moja, na boti kama hii haikosi kushika lita mia kadhaa. Na ikiwa chali inaukaribisha upepo kwa mdomo wazi.

Sasa kufunga. Mikanda ya kukatiza ni miwili, kila mmoja juu ya nguzo ya keria na ufungwe kwenye nguzo hiyohiyo, usiufunge kwenye vishikio vya milango. Tumia mikanda ya polista yenye kibano. Racheti zina nguvu kuliko inavyotakiwa, faiba itapasuka nawe unaona umekaza vizuri tu. Kabla hujakaza, sokota mkanda mara moja upande ule utakaopigwa na upepo. Mkanda uliolala bapa unavuma njia nzima, ngurumo ambayo ukifika Korogwe kichwa kinauma. Uliosokotwa unanyamaza.

Kisha omo. Hiace haina boneti, kwa hiyo kamba inashuka mbele ya kioo moja kwa moja. Nafunga kamba mbili kutoka pete ya omo, moja kulia moja kushoto, zinaachana kama miguu ya ngazi, ili zisinikate macho katikati. Chini zinaingia kwenye majicho ya kuvutia gari, yaliyo chini ya bampa. Langu lilikuwa na moja tu, la pili nimechomelea.

Fundo ni lile la utingo. Kamba ikishuka kutoka omo, simama usawa wa taa. Pinda duara dogo, kisha shika kamba ya upande unaoshuka, ichomoe katikati ya duara itoke kama sikio la sungura, ulivute likaze. Mkia uliobaki upitishe kwenye jicho la chini, urudishe juu, uingize ndani ya sikio, halafu uvute kushuka. Hapo sikio limekuwa kapi, na mkono wako mmoja unavuta kama mikono ya watu wawili. Bana mkunjo kwa vidole, piga nusu fundo mbili, umekwisha. Kulifungua, unatoa nusu fundo, unavuta mkia, sikio linayeyuka lenyewe. Lakini usining'inie! Kazi ya kamba ya omo ni kuizuia isiinuke. Kuibana chini ni kazi ya mikanda. Ukiivuta kwa nguvu za lori utaikunja boti juu ya nguzo ya mbele.

Mkia unaobaki usiuache ukining'inia. Ukilegea ukaingia chini ya tairi, tairi litaivuta omo yako chini ya gari kabla hujakanyaga breki. Uviringe, ufunge. Na pale kamba inapogusa ukingo wa bampa, ivishe kipande cha mpira wa kumwagilia maua.

Tezi nayo kamba mbili, vilevile, ila hizo hakikisha hazibani mlango wa nyuma.

Kamba ya aina gani? Sisi watu wa Tanga tumezaliwa kwenye mkonge, miche imekuwa hapa tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoileta mwaka 1893, na mtu wa Tanga akifunga kitu chake kwa nailoni anajisikia msaliti. Siku ya Mombo nilinunua kamba ya katani palepale njiani ikatuokoa. Lakini katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Tulilala na umande Same, asubuhi imekaza kama waya, saa nne jua limewaka, kamba inacheza. Nailoni ni kinyume: ikilowa inanyumbuka. Polista haijali sana hili wala lile, nami nimehamia huko kwa moyo mzito. Mipira ya tyubu, ile ya bodaboda, fungia makasia tu.

Ukishafunga, chukua maka peni, chora mstari mahali mkanda unapoingia kwenye kibano. Ukisimama njiani unatazama mstari. Umesogea, mkanda umeteleza. Haujasogea, endelea. Kusimama kwenyewe: mara ya kwanza kilomita 5 tu tangu nyumbani, maana boti hujikalisha vizuri kwenye kandambili na mikanda yote hulegea kidogo. Mara ya pili Muheza. Baada ya hapo kila tunaponunua machungwa.

Mwendo wangu ni 70. Wenye Noah wananipigia honi, wanipite. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo: ukikimbia 100 badala ya 70, upepo unaipiga boti mara mbili. Ukilikuta basi linakuja, punguza kabla halijakufikia. Uwanda wa Same upepo hutoka ubavuni, gari linasogea bila kuambiwa, hapo nashuka hadi 50, na tanki la maji nalijaza Korogwe ili chini pawe pazito. Matuta ya vijijini yapande polepole na gari limenyooka. Ukilipanda tuta kwa upande mmoja, keria nzima inajipinda na klempu zinalia. Rasta nazo, zile tuta ndogondogo mfululizo, ndizo zinazolegeza nati. Bwana wee, beba spana namba 13.

Kwenye dashibodi nimebandika plasta imeandikwa 2.6, ndiyo mita za kutoka lami hadi mgongo wa boti. Unadhani utakumbuka. Ukiwa na njaa, mbele kuna geti la gesti lenye upinde wa maua, hukumbuki.

Nyumba ya Mungu ni bwawa la miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, Kikuletwa na Ruvu zinaingia humo, na chini yake kuna mitambo ya umeme ya megawati 8. Ukiacha lami ni vumbi na makorongo. Pale nasimama nakaza upya kila kitu. Kushusha ni kupandisha kwa kurudi nyuma, ila anza na kamba za tezi, omo iwe ya mwisho kufunguliwa.

Kurudi ndiko kugumu. Umechoka, boti ina matope, na ndani kuna maji usiyoyaona. Toa kizibo, iegemeze, ichuruzike yote. Ng'oa majani yaliyonasa, ifute, iache juani mpaka ikauke kabisa, hasa kama safari ijayo unakwenda maji mengine. Gugu maji lilivyoitesa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mnajua, na kipande kimoja chenye mizizi kinatosha kuanza upya. Mama Zuwena huutumia muda huo kuparua samaki, mie nazipaka sabuni zile mbao.