Somo: kuingia Lamu na kufunga chombo

Salaam aleikum. Somo hili ni la nyinyi mnaoleta mashua na boti za mashine kutoka Malindi au Mombasa. Mlango ulio kati ya Lamu na Manda hauna taabu kwa anayejua maji. Asiyeyajua, hata mashine kubwa haimfai.

1. Hesabu maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Ingia yakiwa bado yanajaa. Ukipanda fungu la mchanga wakati huo, yatakuinua. Ukilipanda kwenye kilele cha bamvua, huenda ukangoja bamvua lijalo, siku 14.

2. Mlango wa Shela. Michanga ya Shela iwe kushoto, Ras Kitau kulia. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, usiingie maji yakitoka, maana mkondo hupambana na upepo na mawimbi yakasimama wima.

3. Geuka kwanza. Maji yanayojaa na kusi vyote vinakusukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo. Pita kidogo pale unapotaka kufunga, geuza omo, yaani mbele ya chombo, ielekee mkondo, kisha tua tanga. Chombo kitatulia, nawe utasogea kwenye ukuta wa gati pole pole.

4. Kamba. Hapa ndipo wengi wanapoumia, nami niliumia. Jioni moja ya bamvua nilifunga kamba fupi ukutani, nikaenda kula. Saa nne usiku nikaitwa mbio: omo inaning'inia, tezi imekaa topeni, kamba imekaza kama chuma na kigingi kinalia. Ilibidi niikate kwa kisu. Siku hizo maji hushuka mita 3 na zaidi. Basi kamba ya omo ipeleke mbali mbele, ya tezi mbali nyuma, kila moja isipungue mita 10. Kamba ndefu hushuka na chombo, fupi hukitundika. Tia matairi ubavuni.

Maswali

*Shikamoo nahodha. Mashua yangu ina mkuku mrefu. Ikikauka hapo ukutani si italala?*

Marahaba, mwanangu. Italala. Tia gadi, miti ya kukiegemeza chombo, pande zote mbili kabla maji hayajaisha. Na kabla ya siku hiyo, shuka kwa miguu wakati wa kupwa uangalie chini. Jiwe moja chini ya mbao latosha kukutobolea chombo.

*Gati likijaa nikatia nanga nje, nitoe kamba kiasi gani?*

Piga bildi, yaani pima kina kwa kamba yenye risasi, ongeza maji yatakayojaa, zidisha mara 5. Ukipima mita 3 wakati wa kupwa, yakijaa zitakuwa 6, kwa hiyo toa mita 30. Tena usilale mpaka umeona mkondo ukigeuka, kwa sababu chombo chako kitazunguka, na cha jirani pia.