Gitaa la umeme: rekebisha nyaya kabla ya kununua pikapu mpya

Gitaa likivuma, au sauti yake ikitoka butu kana kwamba spika imefunikwa blanketi, wengi hukimbilia kununua pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya (koili) chini ya nyuzi, zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Mara nyingi pikapu haina kosa lolote. Poti (kipande kinachozungushwa na kitufe cha volyumu au toni) imechakaa, au ethi (njia ya kurudishia umeme) imelehemewa ovyo, au kiwandani waliweka poti ya thamani (kipimo cha omu) isiyoendana na pikapu zilizomo. Anza huko. Ukishamaliza ndipo utajua kama pikapu mpya inahitajika kweli.

Umeme unaozalishwa na pikapu ni mdogo mno, hauwezi kukudhuru. Chomoa kebo kabla ya kufungua gitaa, basi. Amplifaya ni habari nyingine: usiifungue, hasa ya valvu (mirija ya kioo), kwa sababu kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, huweza kushika volti mia kadhaa hata baada ya kuzimwa.

Pima kabla ya kufungua

Chomeka kebo kwenye gitaa, ncha ya pili ibaki mkononi. Weka mita ya umeme (maltimita) kwenye kipimo cha kilo-omu 20, volyumu na toni zote mpaka 10, kisha gusisha waya mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi na wa pili kwenye shina lake. Badilisha swichi uisome pikapu moja moja.

Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5.5 na 7. Hambaka (pikapu ya koili mbili) ya kawaida husoma 7 hadi 9, na zile zenye nguvu hufika 16 au zaidi. Namba utakayoiona itakuwa chini kidogo ya ile halisi, kwa kuwa poti ya volyumu imekaa sambamba na pikapu: pikapu ya kilo-omu 6 kwenye poti ya 250 itasoma karibu 5.86. Poti ya toni haiingii kwenye hesabu hii, maana kapasita yake inazuia mkondo wa mita.

Kama mita inaonyesha sifuri wakati volyumu iko 10, kuna waya wa sauti unaogusa ethi mahali fulani. Ikikataa kusoma kabisa, hata kwenye kipimo kikubwa, waya umekatika kati ya jeki (tundu la kuchomekea kebo) na volyumu. Na ikisoma karibu 250 au 500 kwenye kipimo kikubwa, unaisoma poti peke yake: pikapu hiyo imekatika, au swichi haiifikii. Kipimo hiki cha dakika mbili huokoa kazi ya kufumua gitaa zima bila sababu.

Ukiwa bado na mita mkononi, weka bisibisi bapa juu ya vichwa vya sumaku vya pikapu uliyoichagua, kisha iondoe kwa ghafla. Namba itaruka kidogo, juu au chini. Andika. Rudia kwa kila pikapu. Zote zinapaswa kuruka upande uleule. Moja ikienda kinyume, utasikia sauti nyembamba ya puani kila unapoziwasha mbili kwa pamoja, na dawa yake ni kubadilishana waya wa sauti na wa ethi wa pikapu moja tu. Lakini angalia: kama kifuniko cha chuma cha pikapu kimeungwa kwenye waya wake wa ethi, kitenganishe kwanza na ukipe waya wake wa ethi, la sivyo kifuniko kizima kitabeba sauti na kuvuma kila ukikigusa.

Poti na kapasita

Kanuni ya kawaida ni poti za kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja na 500 kwa hambaka. Poti ni njia ambayo sehemu ya sauti huvujia kwenye ethi, na kinachopotea zaidi ni sauti za juu. Thamani ikiwa ndogo, gitaa linakuwa zito; ikiwa kubwa, linang'aa. Ndiyo maana hambaka iliyofungwa kwenye poti za 250 hulalamikiwa kuwa haina uhai, na mwenye gitaa hulaumu pikapu.

Namba iliyoandikwa kwenye poti haiaminiki sana. Tofauti ya asilimia 20 ni jambo la kawaida, hivyo poti ya 500 inaweza kuwa 410 au 590. Pima miguu miwili ya nje kabla ya kulehemu. Ukitaka mwangaza zaidi, tumia iliyosoma juu. Herufi nayo ina maana: kwenye poti nyingi A ni ile inayoongeza sauti kwa mkunjo unaofuata masikio, na B inapanda kwa mstari ulionyooka. Volyumu ya B husikika kana kwamba haifanyi lolote mpaka ukaribie kuizima.

Pima pia vitu vya kawaida vinavyosumbua. Tundu la poti kubwa linahitaji upana wa milimita 9.5, ilhali magitaa mengi yamechimbwa kwa poti ndogo zenye tundu la 7 au 8. Panua kwa tupa ya duara, taratibu, ukianzia upande wenye rangi. Drili hupasua rangi pembeni ya tundu. Hakikisha pia kama shina la poti ni la meno au ni laini, kwa sababu kitufe cha aina moja hakikai kwenye nyingine.

Kapasita ya toni iliyoandikwa 223 ni mikrofaradi 0.022, na 473 ni 0.047. Ya kwanza hukata sauti za juu kwa kiasi, ya pili huifanya sauti iwe nzito zaidi unapozungusha toni chini. Toni ikiwa 10 tofauti yake karibu haisikiki. Kuhusu kapasita za bei ghali: zikiwa na thamani ileile kwenye mita, usitarajie miujiza.

Kulehemu

Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa, joto la nyuzi 350 hadi 370 kama inaruhusu kupangwa, na waya wa risasi wa 60/40 (bati 60, risasi 40) wenye gundi yake ndani (dawa inayosaidia risasi kushika), unene wa milimita 0.8 au 1. Gundi ya tindikali ya mafundi bomba isikaribie gitaa. Inakula shaba pole pole.

Piga picha nyaya zote kabla ya kugusa chochote, kisha chora. Legeza nyuzi na ufunike mwili wa gitaa kwa kitambaa kizito, maana tone moja la risasi linatoboa rangi.

Sehemu inayowashinda wengi ni mgongo wa poti. Chuma kile kinameza joto, na pasi dhaifu humfanya mtu aikandamize kwa nusu dakika huku ndani ya poti kunaungua. Kwangua mgongo kwa msasa mpaka ung'ae, weka risasi kidogo kwenye ncha ya pasi, gusa, kisha lisha risasi pembeni ya ncha. Ikianza kutambaa na kulala bapa, imeshika. Ikijikunja kama shanga, haijashika hata kama waya haung'oki. Zikipita sekunde tano bila kutambaa, ondoa pasi, acha ipoe, kwangua tena.

Mpangilio wa volyumu: tazama mgongo wa poti, miguu mitatu ikielekea chini. Mguu wa kushoto unapokea waya kutoka kwenye pikapu au swichi. Wa kati unakwenda kwenye jeki. Wa kulia unakunjwa na kulehemewa mgongoni, yaani kwenye ethi. Ukibadilisha wa kushoto na wa kulia, kitufe kitafanya kazi kinyume. Mpiga gitaa wa mkono wa kushoto anaweza kuutaka hivyo, lakini anunue poti yenye mkunjo uliogeuzwa, vinginevyo sauti yote itajazana upande mmoja.

Kwenye jeki, ulimi mrefu uliopinda unaogusa ncha ya plagi ndio wa sauti. Ule unaoshikana na kiwiliwili cha jeki ni ethi. Ukizichanganya gitaa bado litalia, lakini litavuma, na mvumo utaongezeka ukigusa nyuzi.

Ethi na utepe wa shaba

Gusa nyuzi ukiwa umewasha amplifaya. Mvumo ukipungua, ethi ya daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) iko sawa na tatizo ni kwamba ndani hakujakingwa. Ukiongezeka, kagua jeki kama ilivyoelezwa hapo juu. Usipobadilika kabisa, waya unaopita chini ya daraja haupo au umeoksidika. Pima kati ya uzi wowote na shina la plagi: isizidi omu 2.

Kinga inafanywa kwa utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme. Zungushia kuta na sakafu ya matundu yote, na nyuma ya kibao cha plastiki, vipande vipandane kwa milimita 5 na kipande kimoja kikwee hadi juu ukingoni ili kiguse shaba ya kibao. Pima kati ya kona mbili za mbali kabisa. Isiposoma karibu sifuri, weka tone la risasi kwenye kila kiungo. Kisha unganisha shaba na ethi kwa waya mmoja. Mahali pa sauti palipo karibu na ukuta, kama ulimi wa jeki na miguu ya swichi, fungia utepe wa fundi umeme, usiopitisha umeme. Gitaa lililonyamaza kabisa baada ya kufungwa skrubu za mwisho karibu kila mara ni jeki iliyogusa shaba.

Shaba huondoa mkwaruzo wa taa na vifaa, lakini mvumo wa chini wa hezi 50 au 60 unaoingia kwenye koili moja kama sumaku utabaki. Huo unaondolewa na koili mbili zilizozungushwa kinyume, kama ilivyo kwenye hambaka.

Pikapu mpya, ikibidi

Pima umbali kati ya kichwa cha sumaku cha uzi wa kwanza na cha sita. Hambaka za daraja huja za takriban milimita 50 na za karibu 53, hivyo chukua inayolingana na kipimo chako.

Hambaka yenye nyaya nne na mmoja mtupu hufuata rangi za mtengenezaji wake. Kwa Seymour Duncan, mweusi ni sauti, kijani na mtupu ni ethi, mwekundu na mweupe huungwa pamoja. Kwa DiMarzio, mwekundu ni sauti, kijani na mtupu ni ethi, mweusi na mweupe huungwa pamoja. Ukifuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine utapata sauti ya ajabu au kimya. Ile jozi inayoungwa pamoja ndiyo ukiipeleka kwenye ethi kwa swichi hukata koili moja.

Kabla ya kurudisha nyuzi, chomeka gitaa kwenye amplifaya na ugonge kila pikapu kwa bisibisi katika kila nafasi ya swichi, ukisikiliza.

Kisha kimo. Bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi kwenye sumaku: anza na milimita 2 upande wa daraja na 2.5 upande wa shingo, ukishusha kidogo upande wa nyuzi nene. Koili moja zenye sumaku kali zikikaribia mno huvuta uzi, na uzi wa sita ukibanwa juu ya freti ya 12 hutoa sauti inayoyumba kama noti mbili zisizopatana. Hakuna kurekebisha daraja kutakakoiponya. Shusha pikapu ya shingo robo mzunguko kwa kila skrubu, sikiliza, rudia mpaka noti itulie.